Bi Mdogo Aenda Nürburgring

Mama yangu, aliyeko Tanga, alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimweleza kwamba huku Ujerumani, kama kilomita 60 kutoka Koblenz ninakoishi, kuna barabara ya mbio za magari iitwayo Nürburgring. Siku zisizo na mashindano wala majaribio ya viwanda, mwenye leseni na gari halali anaweza kulipa kama euro 30 akapiga mzunguko mmoja kwa gari lake mwenyewe. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, unalipa hela uzunguke msituni, halafu urudi palepale ulipokuwa?"

Nikasema ndiyo. Akasema ataniombea.

Gari lenyewe ni Toyota Yaris, injini ya lita moja, na limeshakula miaka kumi na tano. Mke wangu amelibatiza jina la Bi Mdogo, kwa hoja kwamba kila Jumamosi naliosha huku nikilisemesha maneno ambayo yeye mara ya mwisho kuyasikia ilikuwa kabla mahari haijalipwa.

Wazo la Nürburgring halikuwa langu. Lilikuja na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ameizunguka barabara hiyo zaidi ya mara elfu moja, zote akiwa kwenye kochi langu na rimoti ya gemu mkononi. Anazijua sehemu zake kwa majina kama mtu anavyowajua shangazi zake: Flugplatz, Fuchsröhre, Bergwerk, Karussell. Ndiye aliyenisomesha kwamba ilifunguliwa mwaka 1927, kwamba ule mzunguko wa kaskazini una karibu kilomita 21, unapanda na kushuka milima kwa tofauti ya mita 300 hivi, na kona zake ni nyingi kiasi kwamba hata wanaozihesabu hawakubaliani. Jackie Stewart, bingwa kutoka Scotland, aliiita Jehanamu ya Kijani. Mwaka 1976 Niki Lauda aliungulia humo nusura afe, na Formula One haikurudi tena kwenye mzunguko ule.

"Na sisi tunakwenda na Yaris," nikamkumbusha.

"Lauda alikuwa na haraka, shemeji," akajibu.

Nikaanza maandalizi kwa kusoma kanuni, usiku, kamusi pembeni. Kumbe kisheria, siku za wageni, Nürburgring ni barabara ya kawaida ya kulipia, ya upande mmoja. Sheria za barabarani zinafanya kazi mle ndani. Unakaa kulia, anayekupita anakupitia kushoto tu, na kushindana ni marufuku. Hata kujipimia muda ni marufuku. Yaani nilikuwa nafunga safari kwenda uwanja wa mbio ambako mbio haziruhusiwi.

Kisha nikafika ukurasa wa gharama. Kingo za chuma ukizigonga, unazilipia. Gari la kukuvuta, unalilipia. Barabara ikifungwa kwa ajili yako, muda huo nao una bei yake. Nikawaandikia watu wa bima kuuliza kama gari langu likiumia mle watalitengeneza. Wakanijibu kwa Kijerumani cha heshima sana, na mimi nimekaa huku vya kutosha kujua kwamba Kijerumani kikifikia heshima ile, jibu ni hapana.

Nikampeleka Bi Mdogo kwa fundi, mzee wa mtaani kwetu. Nilitegemea azungumzie injini. Alicheka kwanza, akapangusa macho kwa tambara la oili, kisha akafungua kikopo cha mafuta ya breki na kicheko kikamkauka. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Akanieleza kwamba mafuta yale hunyonya unyevu taratibu, mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 4 yakiwa mapya huvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, yanaweza kushuka hadi 155. Na breki zinazobanwa kona baada ya kona hupata moto kweli kweli. Mafuta yakichemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na pedali inazama kama mguu kwenye tope la mikoko.

"Kila anayekwenda kule ananiuliza namna ya kukimbia," alisema. "Wewe niulize namna ya kusimama."

Nikamuuliza. Akabadilisha mafuta, akaweka pedi mpya, akaziba tundu la ekzosi maana kule hata kelele zina kikomo, akanifundisha kupima upepo wa tairi. Bili yake ingenitosha kuizunguka Nürburgring mara kumi.

Usiku wa kuamkia safari ikabaki kazi ya kutoa vitu garini, kwa sababu chochote kilicholegea huruka kwenye kona na kumtafuta mtu wa kumpiga. Tukatoa unga wa muhogo kilo tano, miavuli mitatu, ukiwemo ule tuliomsingizia jirani, kiti cha mtoto ambaye sasa yuko darasa la nne, na kiatu kimoja cha kike ambacho, namshukuru Mungu, kilikuwa cha mke wangu. Shemeji akapandwa na mori. "Spea na jeki nazo ni uzito," akasema. "Kwenye gemu huwa natoa kila kitu." Tukavipandisha hadi sebuleni, ghorofa ya tatu. Mke wangu akaitazama spea, akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi, asiseme neno. Mwenye ndoa anajua kimya cha namna ile: ni hukumu ambayo tarehe ya kusomwa haijapangwa.

Kulipokucha tukafika. Uwanja wa kuegesha ulijaa Porsche na BMW zilizoinama chini kama chui anayenyatia, na wenyewe wamevaa kofia ngumu na suti za mbio. Mmoja akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akaniuliza kwa adabu vyoo viko wapi. Alidhani nafanya kazi pale.

Nikagusisha kadi, kizuizi kikainuka, tukaingia. Mwanzoni shemeji alikuwa kwenye ufalme wake: "Kulia, shemeji! Sasa kushoto! Hapa usiguse breki!" Niligusa. Kisha tukafika Fuchsröhre, ambako barabara inatumbukia kama ndoo kisimani halafu inapanda ghafla. Gari lilishuka, matumbo yetu yakabaki juu. Gemu ya shemeji ina kila kitu isipokuwa tumbo. Kuanzia hapo aliniongoza akiwa amefumba macho na kukumbatia mfuko wa plastiki, akitaja kona zilizopita.

Mimi nilitazama kioo cha nyuma kuliko mbele. Ukiona mtu anakuja kasi, unawasha indiketa ya kulia kumwambia umemwona, apite. Siku ile indiketa yangu ya kulia ilifanya kazi kuliko injini. Walinipita wenye Porsche, nikasema sawa. Kwenye Karussell, ile kona ya zege iliyolala upande, Bi Mdogo alilialia kama mkebe wa karanga. Na kwenye mlima unaofuata likanipita gari la familia lenye sanduku la mizigo juu ya paa, bibi kizee kiti cha mbele akitupungia mkono.

Lakini breki zilishika. Zilishika kila nilipozihitaji, na mara nyingi mahali ambapo hakuna mwingine aliyezihitaji. Tulitumia muda gani? Sheria hairuhusu kupima, na sijawahi kuipenda sheria kama siku ile.

Tukatoka salama, bila mkwaruzo. Shemeji akarudiwa na rangi yake, akaanza kupanga safari ya pili. Kilomita kama ishirini mbele, ndani ya kijiji chenye kikomo cha mwendo wa 30, tukasikia "pssss". Msumari, tairi la nyuma.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji," akajibu, na kutazama miti.

Nikampigia mke wangu. Hakuuliza tuko wapi. "Spea ipo hapa," alisema kwa sauti tamu ambayo sikuipenda. "Nimeitandikia kitambaa, nimeweka chungu cha maua juu yake. Imependeza."

Hukumu ilikuwa imesomwa. Gari la kuvuta lilifika baada ya saa mbili, likampandisha Bi Mdogo mgongoni, na tukaingia mtaani kwetu jioni, watu wako vibarazani, yeye yuko juu kama bibi harusi.

Usiku mama akapiga simu. "Umezunguka?"

"Nimezunguka, mama."

"Ukarudi palepale?"

"Nimerudi, lakini kwa kubebwa."

"Niliomba urudi," akasema. "Sikutaja kwa namna gani."