Waya Wenye Mshale

Tangu jana jioni sijaweza kumtazama shemeji machoni. Nilikaa kwenye kochi, macho nimefumba, kidole hewani kama mwalimu wa kwaya, nikimwamuru mpwa wangu aliyejibanza nyuma ya amplifaya: "Geuza!" Gitaa la Mbaraka Mwinshehe likaendelea kulia. "Enhe! Mmesikia? Besi imetulia, sauti imejitenga na ala. Geuza tena! Aa, hapo imechafuka, rudisha." Mara sita. Nilipofumbua macho, kijana alikuwa ameegemea mlango, chapati mkononi.

"Mjomba," akasema kwa adabu zote, "muziki unatoka kwenye simu, kwa Bluetooth. Waya haujachomekwa tangu mama afagie."

Yaani waya eti unachomolewa mara sita, muziki haukatiki hata kidogo, na mimi mtaalamu sijiulizi! Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Waya wenyewe niliununua Kariakoo kwa shilingi 85,000, kwa sababu una mshale mweupe. Muuzaji aliapa kwamba shaba ina mwelekeo wake, ukiipachika kinyume muziki unakosa raha.

Sasa, muziki ndani ya waya si maji ya bomba. Chukua noti ile ya La ya kulinganishia ala: elektroni husukumwa mbele na kuvutwa nyuma mara 440 kila sekunde. Haziendi popote. Ni abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni: dereva akikanyaga breki wote wanainama mbele, akiondoka wote wanarudi nyuma, na hakuna aliyeshuka. Kinachosafiri ni msukumo, tena kwa kasi inayozidi nusu ya ile ya mwanga. Mshale unamwelekeza nani, ikiwa kila elektroni inatumia nusu ya muda wake kwenda kinyume nao?

Ipo mishale yenye kazi, nakiri. Kuna waya zenye nyuzi mbili ndani, na ule wavu wa nje unaozuia mvumo wa umeme wa nyumba umelehemiwa upande mmoja tu, ambao huelekezwa kwenye chanzo cha muziki. Nikaling'ang'ania hilo kama mfa maji. Leo asubuhi fundi redio akazifungua pini zangu: uzi mmoja, wavu umelehemiwa kotekote. Mshale ni rangi tu.

Hapo hamu ya kucheka ikaniisha. Umeme sisi tuliusoma ubaoni: betri ya chaki, balbu ya chaki, na mwanga wake tukaambiwa tuufikirie. Wauza mishale wanalijua hilo, na ndiyo maana hawabanduki dukani. Ile chaki angalau haikunidai 85,000.

Habari ya spika nilizozipandisha juu ya matofali mwaka jana, tuiache.

Waya nimeuchomeka tena, mshale ukielekea kwenye amplifaya. Ukija kwangu, naomba usiugeuze.