Sungura Kapewa Chai na Mkate, Mfyuu!

Hapana, hebu tuongee. Mtu kaletewa sungura Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi kamwekea kwenye kisosi kipande cha mkate kilichochovywa chai ya maziwa, tena yenye sukari. Mfyuu! Na anasimulia kwa furaha, simu mkononi, anatupitishia picha: "Oneni anavyofakamia, anajua kula huyu!" Anajua kula! Mdomo wa sungura haujui kukataa utamu hata siku moja. Anayekuja kulipa ni tumbo lake.

Mwenye sungura ni kijana wetu wa bodaboda, yule anayepaki hapa chini ya mwembe. Kampata bure. Familia moja ya mtaa wa nyuma imehamishiwa Dodoma kikazi, mnyama wakaona hawataweza kumbeba, wakamkabidhi kijana kwa kuwa ana binti mdogo anayependa wanyama. Roho nzuri, sisemi. Lakini hakuna aliyeuliza sungura alikuwa anakula nini kule alikotoka. Wamepokezana boksi na salamu, basi.

Na kijiwe mnakijua, kila mtu daktari. Mzee wa drafti kasema apewe pumba, kuku wake wanakula pumba na hawajafa. Muuza kahawa kasema karoti, "sungura na karoti ni kitu kimoja." Mangi wa duka katoa ushauri wa kabichi zake zilizoanza kulegea, na ushauri huo nadhani ulikuwa na bei ndani yake. Aliyenyamaza ni Mama wa vitumbua peke yake. Alikuwa anageuza vitumbua vyake, akasonya msonyo mmoja mrefu, ule unaoanzia magegoni, kisha akasema, "Nyie, yule mnyama anakula majani. Ma-ja-ni."

Mama kakulia Marangu. Huko, anasema, mtoto akitoka shule havui sare kabla hajakata majani ya sungura. Kijana wa bodaboda akamwangalia kama katukanwa. "Majani tu, mama? Watu si wataona namtesa?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Tunaona aibu kumpa mnyama kitu cha bure. Tunaona mapenzi ni mpaka mfuko utoboke: biskuti, mkate, tufaha la dukani, ugali wa jana uliowekwa mchuzi ili ushuke vizuri. Nyasi zimejaa uwanja mzima wa shule ya msingi hapo nyuma, ukoka mtupu, na mtu anazipita na kwenda kununua biskuti za maziwa. Sungura wengi wa mjini hawafi njaa, jamani. Wanakufa kwa ukarimu.

Sikilizeni huyu mnyama alivyo. Ana meno 28, na yote yanaota maisha yake yote, ya mbele na magego pia. Ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Fanyeni wenyewe hesabu ya mwaka. Kinachoyapunguza ni kutafuna, na si kutafuna kokote. Nyasi zina nyuzi ndefu na chembe ngumu ndani yake, kwa hiyo sungura akila nyasi taya linakwenda upande huu, linarudi upande ule, linasaga, muda mrefu, kutwa. Mkate wa chai hausagwi. Pumba haisagwi. Anameza tu. Baada ya miezi magego yanaota ncha kali pembeni, ncha zinamchana ulimi na mashavu. Sasa mnamwona anakisogelea chakula, ananusa, anageuka. Wenye mnyama wanasema anadeka! Loh. Mnyama ana vidonda mdomoni nyie mnasema anadeka.

Halafu tumbo. Sungura hatapiki. Maumbile yake hayaruhusu, kwa hiyo kilichoingia lazima kipite mpaka mwisho. Kinachokisukuma kipite ni zile nyuzi za nyasi. Pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana ana mfuko mkubwa kuliko tumbo lenyewe, na humo wanaishi vijidudu wanaomchachulia chakula. Vijidudu hao wamezoea nyuzi. Ukiwamwagia sukari na wanga kwa ghafla, wabaya wanazaana, gesi inajaa, utumbo unapunguza mwendo, mwisho unasimama. Sungura ambaye utumbo wake umesimama hana siku nyingi, na wakati mwingine hana hata siku moja nzima. Hili haliponi kwa Panadol wala maji ya chumvi.

Kwenye suala la tumbo kijana wa bodaboda akakumbuka jambo, akashusha sauti. Binti yake kamkuta sungura alfajiri anakula mavi yake mwenyewe. Bibi nyumbani kasema huyo mnyama ana wazimu, achapwe. Kijiwe kikaangua kicheko, mzee wa drafti akapoteza kete mbili bila kujua. Nikasema jamani asichapwe! Sungura anatoa choo cha aina mbili. Kuna kile kikavu cha mviringo mnachofagia. Na kuna kingine laini, kinachong'aa, kimeshikana kama kichala, ambacho hukitoa zaidi usiku au alfajiri na kukila palepale, moja kwa moja kutoka nyuma kabla hakijagusa sakafu. Humo mna protini na vitamini zilizotengenezwa na wale vijidudu. Chakula kinapita mara mbili ili kisipotee kitu. Cha kushtua ni ukikuta hicho laini kimeachwa sakafuni kimepakazwa kila mahali. Mara nyingi maana yake ni kwamba unamlisha vitamu kupita kiasi, kashiba, hana haja nacho tena.

Fundi simu, asiyeamini kitu mpaka akifungue, alimtuma kijana alete vile vikavu. Vikaletwa kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Fundi akakamata kimoja kwa kibano chake cha kushikia vioo, akakiweka chini ya ile taa yenye lenzi, akakipasua katikati. Wote tukainama pale kama wenye akili. Ndani kilikuwa cheusi, kigumu, kinanata, hakuna hata unyuzi mmoja. Mama wa vitumbua hakuja kuangalia, aliuliza tu kutoka kwenye kikaango chake: "Kinavunjika kama machicha ya nazi yaliyokauka?" Hakivunjiki. "Basi hali nyasi huyo." Kapima mgonjwa bila kumwona. Kinyesi cha sungura aliyeshiba nyasi ni kikubwa, rangi yake imefifia, ukikisugua kinakuwa vumbi la nyuzi. Kikianza kuwa kidogo, cheusi, au vikaungana kwa manyoya, jamani angalieni sahani.

Sasa karoti. Nilijua tutafika kwenye karoti. Muuza kahawa aliapa kwa mama yake, kaiona kwenye katuni tangu utotoni. Bila shaka kaiona! Yule Bugs Bunny yuko kwenye skrini tangu mwaka 1940, na waliokuwa wakimtengeneza walisema mtindo ule wa kuegemea na kutafuna karoti huku akibwabwaja waliuchukua kwa mwigizaji Clark Gable, kwenye filamu ya mwaka 1934 iitwayo It Happened One Night. Kwa hiyo fundisho zima la karoti limetoka kwa mwanamume wa Hollywood mwenye njaa, siyo kwa sungura. Karoti yenyewe ina sukari nyingi kwa tumbo lile. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja moja ni sawa, kama peremende. Majani yake ya juu ndiyo chakula, na ndiyo wauzaji sokoni wanayoyakata na kuyatupa. Ukiomba unapewa, na unachekwa. Chekwa tu.

Embe, ndizi, papai, tikiti, zote ziko kwenye fungu hilo hilo la peremende. Kipande kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Mkate, ugali, biskuti na chai havina fungu.

Basi anakula nini? Nyasi, na tusizungushe. Nyasi mbichi na nyasi kavu, zile ambazo wafugaji wa ng'ombe wanaziita hei, kila siku rundo lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe au zaidi, lisikatike usiku wala mchana. Ndiyo robo tatu na ushee ya mlo wake. Ukoka, majani ya tembo yakiwa machanga, Rhodes kama unaipata kwenye duka la mifugo. Hao vijana wanaopita na baiskeli wamebeba majani ya ng'ombe, msimamishe mmoja, fungu moja litamtosha sungura siku kadhaa. Kuyakausha hapa Dar kuna kazi yake, maana hewa hii ina unyevu. Yatandaze kivulini penye upepo, yageuze, na usiyafungie kwenye mfuko wa nailoni yangali na joto, yatapiga ukungu. Yaliyopiga ukungu hata ng'ombe wa adui yako usimpe.

Juu ya nyasi, gao moja la mboga za majani asubuhi na jingine jioni, na zichanganywe. Mchunga, ule mchungu tunaoukimbia mezani, kwake ni pilau. Kishona nguo kabla haijatoa vile vijiti vya kung'ang'ania suruali. Majani ya viazi vitamu, giligilani, sukuma wiki kidogo. Mchicha nao usiwe wa kila siku, una chumvi za oksaleti zinazosumbua figo zikizidi. Lusina ni tamu na wauzaji wanaisifu, ila ina kalsiamu nyingi. Inamfaa mtoto anayekua na jike lenye mimba au linalonyonyesha. Dume zima likila hiyo kila siku, kalsiamu ya ziada inatokea kwenye mkojo, unakuwa mzito, mweupe kama chokaa, na mwishowe kibofu kinajaa mchanga. Zile punje za kiwandani, kama unazo, ni gramu 25 kwa kila kilo ya mnyama kwa siku, wala si bakuli la kujazwa kila likiisha. Na mboga zioshwe. Bustani za mabondeni zinapigwa dawa, na nyasi za kando ya barabara zina moshi na mikojo ya mbwa.

Mwembe tuliokaa chini yake hauna neno, lakini pale kwa mjumbe kuna mparachichi, na watoto wameshaanza kumchumia majani. Wakatazwe leo! Majani ya parachichi ni sumu kwa sungura, na tunda lake pia. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu vya aina zote, kisamvu kibichi, mnyonyo: mbali. Maharage makavu nayo, mbali.

Mzee wa drafti akaona atajirudishia heshima kwa kutuambia kwamba sungura hanywi maji. "Majani yanamtosha, akinywa anaharisha." Hili nimelisikia kuanzia Tanga mpaka Nakuru, na wanaolisema ni watu wazima wenye busara kwenye mambo mengine. Mfyuu, shikamoo mzee, lakini hapana. Sungura wa kilo mbili anaweza kunywa robo lita kwa siku bila shida, na kwenye joto la Dar la Januari anakunywa zaidi. Akikosa maji anaacha kula, na mnajua tena utumbo ukikosa cha kusukuma inakuwaje. Bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua, maji yabadilishwe kila siku. Basi.

Kuna na suala la saa. Bodaboda analalamika kamwekea nyasi saa saba mchana hakuzigusa. Mchana sungura kajilaza, kaka. Saa zake ni alfajiri na magharibi, na usiku anaendelea. Jaza nyasi jioni kabla hujalala ndipo umhukumu asubuhi.

Ila huyu ni mgeni, na mgeni wa aina hii habadilishiwi mlo siku moja, hata kama mlo wa zamani ulikuwa mbaya. Kijana katumwa awapigie simu wale wa Dodoma. Jibu lilikuja na sauti ya televisheni nyuma yake: kule alikuwa anakula punje za dukani na majani ya viazi vitamu. Haya, hapo ndipo pa kuanzia. Punje zilezile kwa kipimo, nyasi bila kipimo tangu leo, na kama hakuwa anapewa mboga nyingine, iingie aina moja tu, majani machache, siku mbili tatu mkiangalia choo, kisha nyingine. Kubadilisha kote kuchukue wiki moja mpaka mbili. Mkate na chai vinakatwa mara moja, hivyo havina mazoea ya kuheshimu. Siku za mwanzo atakula kwa kuibia, kwa sababu ya woga wa nyumba mpya na mikono ya binti. Lakini zikipita saa 12 hajala kitu wala hajatoa choo, msije kijiweni kuuliza. Nendeni kwa daktari wa mifugo, na mkipiga simu ulizeni kwanza kama anatibu sungura, maana wapo wanaojua ng'ombe na kuku tu.

Bodaboda kaandika yote nyuma ya risiti ya mafuta. Akauliza swali la mwisho: Ijumaa, watu wakila pilau nyumbani, punje mbili tatu tu za wali, si atakuwa mpweke?

Mama wa vitumbua akasonya tena.

"Mkatie nyasi za Ijumaa," akamwambia, akaendelea kuhesabu chenji yake.