Guys ni Nani?

Wamarekani walifika mwezini mwaka 1969 na wakarudi salama, lakini mpaka leo hawajakubaliana neno la kuwaitia watu watatu waliokaa meza moja. Sisi "ninyi" yetu tuliirithi bure na wala hatujui kuishukuru. Wenye Kiingereza ya kwao waliichezea wenyewe. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "you" kwa wengi. Ikaingia tabia ya kumwambia mkubwa "you" kwa heshima, kana kwamba anatembea na msafara. Mwenye duka naye akaitaka heshima hiyo, fundi viatu naye asikubali kupitwa, mwisho karibu kila mtu akawa wengi, hata mbwa wa jirani akawa anafukuzwa kwa wingi. Sasa mtu akisimama mbele ya kundi akasema "you", watu wanatazamana: anaambiwa nani?

Pengo hilo kila mji unaliziba unavyojua. Pittsburgh wana "yinz", Liverpool wana "youse", na mwalimu wa Uingereza aliyekasirika huwaambia wanafunzi wake "you lot". Lakini kiraka kilichoenea kuliko vyote ni "you guys", na hicho ndicho kilichomkuta shangazi yangu.

Shangazi ni mwalimu mstaafu wa Tanga, na Kiingereza chake ni cha vitabuni, kilichopigwa pasi. Alipokuja kututembelea Houston tulimpeleka mgahawani Jumapili mchana. Mezani tulikuwa wanawake watupu: yeye, mimi, dada yangu na jirani yetu Mkongo. Akaja mhudumu, kijana mwenye aproni nyeusi, akatuwekea glasi zenye barafu nyingi kuliko maji, akachuchumaa kidogo ili macho yalingane na yetu, akasema kwa bashasha, "How are you guys doing today?"

Shangazi akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mwanaume. Akajitazama: gauni la kitenge, kilemba, hereni za dhahabu.

"Huyu mtoto haoni?"

"Shangazi, ndivyo wanavyosema. Ni kwa watu wote."

"Kwa wanaume wote."

"Na wanawake pia."

"Haya. Na mimi nikienda pale jikoni kwao nikawaambia yeye na wenzake 'ladies', wataitika?"

Kimya. Dada yangu akaanza kuisoma menyu kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwa maandishi yoyote. Nikaona nimtulize shangazi kwa historia, maana mwalimu hakatai historia. Nikamweleza habari za Guy Fawkes, aliyekamatwa London Novemba 1605 akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya jengo la Bunge, akauawa Januari iliyofuata. Waingereza wakawa wanawasha mioto kila tarehe 5 Novemba kukumbuka siku ile, na baadaye wakaanza kuchoma sanamu yake ya matambara. Sanamu ile ikaitwa guy. Kisha mtu yeyote aliyevaa ovyo akaitwa guy, neno likavuka bahari, Marekani likawa mwanaume yeyote, na mwisho likawa mtu yeyote aliyekaa mgahawani.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaweka uma chini.

"Kwa hiyo nilidhani ameniita mwanaume, kumbe ameniita gaidi aliyevaa matambara. Na gauni hili nimelishonesha Chumbageni kwa ajili ya safari!"

Kijana akarudi na tabasamu lake, akaitazama sahani ya shangazi iliyokuwa nusu. "You guys still working on that?" Shangazi akanigeukia taratibu. "Na kula kwenyewe huku wanakuita kazi."

Tusidhani ni shangazi peke yake anayeguna. Kazini kwangu wanawake kadhaa walishalalamika, wakiwa na hoja ileile ya shangazi ila bila gauni, na msimamizi wetu akakubali kuliacha neno. Likawekwa kopo kando ya mashine ya kahawa: kila "guys" dola moja. Asubuhi ya kwanza aliingia mkutanoni akaanza, "Good morning, guys." Dola. "Sorry, guys." Dola ya pili. Akajaribu "ladies and gentlemen", tukajihisi tuko sarakasi. Akajaribu "folks", akasikika kama mgombea ubunge. Akajaribu "friends", na hapo kila mmoja akajua kuna watu watapunguzwa kazi. Ilipofika Ijumaa kopo lilitununulia piza ofisi nzima, na akaitangaza kwa furaha: "Pizza's here, guys!"

Wakubwa nao wanahangaika vivyo hivyo. Mwaka 2017 treni za chini ya ardhi za London ziliacha kusema "ladies and gentlemen" zikaanza kusema "everyone", ili asiwepo anayeachwa nje ya salamu. Air Canada ikafuata mwaka 2019. Japan Airlines ikabadilisha Oktoba 2020, ila kwenye tangazo la Kiingereza tu, kwa kuwa lile la Kijapani halikuwa na tatizo hilo. Januari 2021 mbunge wa Missouri, Emanuel Cleaver, ambaye ni mchungaji pia, alifunga sala ya ufunguzi wa Bunge la Marekani kwa "amen and awoman". Nchi nzima ikabishana. Neno "amen" ni la Kiebrania, mwanaume wa Kiingereza hayumo hata kidogo, na mwenyewe akaeleza kuwa ulikuwa utani wa kuwaenzi wanawake, ambao hawakuwahi kuwa wengi bungeni kiasi kile. Nilipomsimulia shangazi, hakuona ubishi unatoka wapi. "Sisi tulishamaliza. Tunasema Amina, na Amina ni binti wa watu."

Ni rahisi kuwacheka. "Yeye" yetu haiulizi kama ni mwanaume au mwanamke, "ninyi" yetu haiulizi, na "ndugu" ya Tanzania iliwahi kumtosha rais na mpiga debe kwa pamoja. Lakini shimo letu sisi tumelichimba kwenye umri. Mpe shikamoo dada wa miaka thelathini na tano ndani ya daladala uone kama utapata marahaba au utapata jicho. Binamu yangu alipoanza kazi Dallas alimwita bosi wake "mama", kwa adabu zote alizolelewa nazo. Bosi alikuwa amempita miaka sita. Binamu aliitwa ofisini akaulizwa kwa upole kama kuna jambo analotaka kuzungumza kuhusu familia yake.

Aliyeniokoa na maelezo yote haya ni mama wa Kitexas aliyekuwa akipima viazi sokoni, akamwambia shangazi, "Y'all come back now." Shangazi akalidaka lile "y'all", yaani ninyi nyote. Hakuna mwanaume ndani yake, akasema, hakuna umri, hakuna baruti. Akafurahi zaidi alipoambiwa kuwa kundi likiwa kubwa unaweza kuongeza "all y'all", ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mwenzake. Akaondoka nalo mpaka Tanga.

Mwezi uliopita alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo la WhatsApp: "Y'all, paa la nyumba ya bibi yenu linavuja." Alama za bluu zikajaa. Hakujibu mtu. Kesho yake: "All y'all, mvua za masika hizo zinakuja." Mmoja akatuma mikono ya dua, wengine tukamuunga mkono kwa mikono ya dua. Siku ya tatu shangazi akaachana na Texas. Akaturudia kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio, jina moja moja, na jina la baba, na kiasi anachotakiwa kutoa kila mmoja. Mabati yalikuwa yameshanunuliwa kabla ya magharibi, na jina langu ndilo lililokuwa la kwanza.