Pikapu ya Baba na Jini la Pongwe

Pikapu ya baba mkwe ni Hilux ya petroli, injini 22R, lita 2.4, kabureta. Wenye nazo hapa Muheza husema injini hiyo haifi. Ya kwetu ilikuwa ikifa Pongwe.

Tunatoka alfajiri na machungwa ya kupeleka Tanga, inakwenda vizuri, halafu njiani inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukipiga stata inazunguka tu. Tunakaa kando ya lami, tunanunua karanga, tunagombana kidogo. Baada ya robo saa hivi inawaka kana kwamba hakuna aliyeitukana.

Nyumbani kwetu mafundi ni wengi kuliko spana. Mume wangu alisema ni koili: ikipata moto inakata umeme, ikipoa inarudisha. Simlaumu, dalili za koili mbovu ndizo hizohizo. Koili mpya ikanunuliwa kwa pesa ya mabati ya jikoni. Shemeji Rashidi akaona ni uchafu. Akabadilisha chujio la mafuta, akafungua kabureta, akapuliza jeti kwa pampu ya baiskeli. Sailensa ikatulia ajabu. Pongwe ikazima.

Baba mwenyewe aliilaumu sheli. “Petroli yao ina maji,” alisema. “Hamuoni kila nikijaza tanki ndiyo inazima mapema?” Hilo la kuzima mapema lilikuwa kweli, ila hakuna aliyeuliza kwa nini. Tukahama sheli.

Mama mkwe hakutaka habari za vyuma. Kwake yeye, Pongwe pana kitu. Siku moja akaamuru tusimame kabla ya kufika, tusome Fatiha. Siku hiyo pesa zilikuwa chache na tanki lilikuwa na mafuta ya kufikia sokoni tu. Tukasoma, tukapita, tukafika mpaka Kange, kwenye kuingia Tanga, bila kuzima. Mama hakusema neno, ila alivyojitanda upya mtandio wake, wanaume wote walijua wameshindwa.

Safari iliyofuata tulijaza tanki. Tukasoma Fatiha tena, na ndefu zaidi. Ikazima hata Pongwe haijaonekana.

Mimi hukaa nyuma na matenga, maana mbele ni kwa wakubwa. Mdomo wa tanki uko ubavuni, karibu na miguu yangu. Mfuniko wa asili ulisahaulika sheli zamani, na Baba akachonga kizibo cha mwembe, akakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli hata tone lisitoke. Kazi safi, nakiri. Lakini kila tulipofika kutia mafuta, kijana wa sheli alihangaika kukingʼoa, na kikitoka kinalia fyuuu. Nilipomwambia shemeji, alisema ni hewa ya mafuta inatoka. Nikamwuliza: kama hewa inatoka, mbona kizibo kinakataa kutoka? Si ingekisukuma nje? Akaniambia nishike matenga.

Mwishowe akaitwa fundi. Alipanda nasi, na gari lilipozima akakataza mtu kununua karanga. “Msiiache ipumzike, itanificha ugonjwa.” Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, stata ikapigwa: cheche ikaruka, ya buluu, kali. Moto upo. Akainama kwenye kioo kidogo cha kabureta, pale panapoonekana kimo cha mafuta. Pakavu.

“Tanki limejaa, kabureta kavu,” akasema. “Nani anajua habari za tanki?”

Nikamweleza habari ya kizibo. “Kifungue, mama.” Nikavuta kwa mikono miwili. Fyuuu ndefu. Stata ikazungushwa, kioo kikapanda mafuta, injini ikawaka bila kupumzika hata kidogo.

Pampu ya 22R iko mbele kwenye injini, nayo huvuta mafuta kutoka nyuma. Yanayotoka tankini lazima hewa ishike nafasi yake. Ikikosa njia, tanki linabaki kama chupa ya mtoto yenye chuchu iliyoziba, unyonye mpaka mashavu yaume. Tanki likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo linagoma mapema. Likiwa karibu tupu, hewa iliyomo inatosha kufika Kange. Ile robo saa ya karanga hewa ilikuwa inajipenyeza kidogo kidogo kando ya mpira.

Baba alisikiliza hadi mwisho. “Hata mfuniko wa kiwandani unaziba,” akasema.

“Unaziba, mzee, lakini una kivali cha kuingizia hewa.”

Jioni tukamkuta uani anachoma msumari motoni ili atoboe kizibo chake. Fundi akamsihi: tundu la hivyo litamwaga petroli kwenye kona. Ikabidi mume wangu atafute mfuniko wa mtumba Tanga mjini, na aliopata ni ule wa kufungwa kwa ufunguo.

Ufunguo anao Mama mkwe, kwenye pindo la khanga. Anayetaka kutia mafuta humfuata kumwomba, naye huuliza kwanza unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi.