Shangingi na Tope

Shangingi ni gari lililoundwa kwa ajili ya tope, makorongo na mito isiyo na madaraja. Ndiyo maana makazi yake ya kudumu ni lami ya Dodoma na Dar es Salaam. Toyota Land Cruiser V8 ya dizeli, yenye injini ya lita 4.5, hunywa mafuta hata ikiwa imesimama, dereva akimpoozea bosi kiti nje ya semina ya kubana matumizi. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015, aliyapigia kelele mashangingi, misafara ikaendelea. Kule Kerenge, wilayani Korogwe, masika yakichafua njia, gunia la mahindi na mgonjwa hupanda bodaboda ya cc 125. Shangingi huja kiangazi kukagua barabara, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi.