Masaibu ya Wanunuzi katika Minada ya Ekerenyo

Mnada, kwa jinsi wanasheria na wauzaji wa sanaa wanavyoueleza, ni mauzo ya hadharani ambapo bei haitajwi na mwenye mali bali hupandishwa na wanunuzi wenyewe kwa kushindana, mpaka abaki mmoja ambaye wenzake wamemwachia, ama kwa kuishiwa na fedha au kwa kumwonea huruma. Jiji la Nairobi lilishuhudia mnada wa namna hiyo Novemba 2013, wakati Circle Art Agency ilipopiga mnada kazi za wasanii wa Afrika Mashariki mbele ya wanunuzi waliovalia nadhifu. Ekerenyo, katika eneo bunge la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, haina jumba la mnada wala orodha iliyochapishwa kwa rangi. Ina uwanja wa kanisa, kipaza sauti cha kukodi na paa lisilokwisha kujengwa, na vitu hivyo vitatu vimetosha kuzalisha masaibu ambayo wataalamu wa Nairobi hawajayaandikia.

Bidhaa za mnada wa Ekerenyo, ambao ni sehemu ya harambee ya kuezeka kanisa, hugawanywa katika mafungu, na fungu ni kitu kimoja au zaidi kinachouzwa kwa mkupuo mmoja. Fungu la kawaida ni mkungu wa ndizi, kuku, keki au Biblia iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi, ingawa sanaa nayo huwakilishwa na kinyago cha mawe ya Kisii kilichochongwa Tabaka na picha yenye fremu. Kwa kuwa waumini wengi wa eneo hilo ni Waadventista wa Sabato, ambao hawafanyi biashara siku ya Jumamosi, mnada huwekwa Jumapili. Hata hivyo, ukaguzi wa awali, yaani ule muda ambao mnunuzi hupewa kuitazama mali kabla ya kushindania bei, huanza kwa siri baada ya ibada ya Sabato, waumini wanapopita polepole karibu na stoo ya kanisa huku wakijifanya kuchunguza mbao za dari.

Ukaguzi wenyewe haukosi madhara. Jiwe la Tabaka hupendwa na wachongaji kwa sababu ni laini, linakubali panga na kisu, na likishapigwa msasa na kupakwa nta hung'aa. Lakini ulaini huo huo humfanya kila mkaguzi atake kuhakikisha kwamba si saruji, na chombo cha kuhakikishia ni ufunguo wa nyumba. Kinyago cha kiboko aliyefika kanisani bila dosari hufikishwa mbele ya mnadi kikiwa na michirizi ubavuni, na wale wale waliokichora ndio wanaopunguza bei kwa hoja kwamba kimekwaruzika.

Chanzo kikuu cha ajali, hata hivyo, ni kukosekana kwa nyundo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya inasema kwamba mauzo ya mnadani hukamilika nyundo inapoanguka, au kwa ishara nyingine ya desturi, na kwamba kabla ya hapo kila mtu ana haki ya kuondoa bei aliyoitaja. Nayo Sheria ya Madalali ya 1996 inamtaka mwenye kuendesha kazi hiyo awe na leseni. Mnadi wa kanisa hana nyundo wala leseni, bali ana sauti, na hiyo sauti husema "mara ya kwanza", kisha "mara ya pili", halafu inaona gari likiingia langoni na kurudi "mara ya kwanza". Mkataba unaoweza kuanza upya kila gari linapofika ni mkataba ambao wanasheria wangeuonea tabu.

Isitoshe, katika nchi hiyo ya watu wenye adabu, mkono unaoinuliwa kumwamkia mtu wa mbali haupambanuki na mkono unaoongeza bei. Mwalimu mstaafu anayempungia shemeji yake aliyeketi upande wa pili wa uwanja husikia kipaza sauti kikitangaza, "Mwalimu ameongeza mia tano! Makofi kwa mwalimu!", na makofi yanapokwisha, ile haki ya kisheria ya kuondoa bei huwa imezikwa. Shemeji naye, akidhani ameamkiwa, huinua mkono kujibu salamu, na bei hupanda tena. Imewahi kutokea kwamba watu wawili wasiomhitaji kuku wakamfikisha bei ya mbuzi kwa kuulizana hali ya nyumbani, na aliyeokoka ni yule aliyekumbuka kwanza kuweka mikono mfukoni.

Jambo jingine linalowatatanisha wageni ni mzunguko wa mali. Wauzaji wa sanaa duniani huogopa sana kuirudisha mnadani kazi iliyokosa mnunuzi, kwa kuwa huhesabiwa kuwa imeungua, na wengi huificha miaka kadhaa kabla ya kuitoa tena. Ekerenyo imeupindua mwiko huo. Anayeshinda kuku husimama na kusema, "Huyu nampa mchungaji," mchungaji hushukuru na kumrudisha auzwe kwa faida ya kwaya, mwenyekiti wa kwaya akishamnunua humtoa kwa kina mama, na kuku yule yule huendelea kupanda thamani huku akipungua uzito kwa kukaa juani.

Wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza mwaka 1971 kwamba anayeshinda mnada mara nyingi ni yule aliyekosea zaidi kwa kukisia juu, na hali hiyo huitwa laana ya mshindi. Wao walikuwa wakizungumzia haki za kuchimba mafuta. Laana ya Ekerenyo huonekana vizuri zaidi katika fungu la picha ya mheshimiwa, ambayo hutengenezwa mapema ili mheshimiwa mwenyewe, akiwa mgeni wa heshima, ainunue kwa bei ya kuwatia moyo wengine. Utaratibu huo ulipata pigo Julai 2024, Rais William Ruto alipotangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee, kwani picha zilizokwisha tengenezwa zilibaki na fremu zake za rangi ya dhahabu bila ya mtu wa kuzigomboa.

Mnunuzi anayeangukiwa na picha ya namna hiyo hukabiliwa kwanza na tatizo la usafiri. Akiipakia kwenye bodaboda, hulazimika kuishika mbele ya kifua ili kioo kisivunjike, na kwa kuwa uso wa picha hutazama barabara, pikipiki hupita sokoni mithili ya msafara wa kampeni: wazee wanainua bakora, vijana wanadai ya soda, na mama mmoja anaikumbusha picha juu ya daraja lililoahidiwa. Mnunuzi hulipa ya soda, kwa sababu ni vigumu kueleza mambo ya mnada katika mwendo huo. Nyumbani hupokewa na swali moja: "Baba watoto, umetumwa unga, huyu tutampika?" Picha huishia dirishani mahali palipovunjika kioo, ambapo, kwa kuwa fremu yake ni imara, huanza kuhudumia wananchi bila ubaguzi.

Vitu vya kale vya kweli havifiki mnadani hata kidogo, bali hubaki majumbani vikifanya kazi. Kigoda cha Kigusii cha miguu mitatu, ambacho kikipambwa kwa shanga hutafutwa na wakusanyaji wa ng'ambo, huwekwa jikoni kwa ajili ya kukalia wakati wa kuchambua mboga za chinsaga, na obokano, zeze kubwa la nyuzi nane, huhifadhiwa darini pamoja na mbegu za mahindi. Mnunuzi wa mjini akifika, umri wa kigoda hupanda kulingana na ukubwa wa gari lake: kwa pikipiki ni cha baba, kwa gari dogo ni cha babu, na kwa gari kubwa kinafika enzi za kabla ya wazungu. Hapo mwenye kigoda hujikwaa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa malikale kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati, na kukipeleka ng'ambo kunahitaji kibali. Kwa hiyo mzee anayeapa kwamba kigoda kilikaliwa mwaka 1880 humfukuza mnunuzi kwa kiapo chake mwenyewe, ilhali angekiri kwamba kilichongwa 1960 angelipwa papo hapo.

Vitabu, kwa kuwa vimesamehewa na kifungu hicho, vingeweza kuwa faraja ya wauzaji. Historia ya Abagusii, yaani wenyeji wa eneo hilo, iliyoandikwa na William Ochieng' na kuchapishwa 1974, au utafiti wa Robert na Barbara LeVine kuhusu jamii hiyo uliotoka 1966, ni vitabu ambavyo wakusanyaji huvitafuta hadi kwa wale wauzaji wa Nairobi wanaoitwa inama, kwa kuwa bidhaa zao zimetandazwa chini. Mkusanyaji hutaka toleo la kwanza, yaani chapa ya mwanzo kabisa, likiwa na jalada lake la karatasi na bila alama yoyote. Lakini mwenye kitabu wa Ekerenyo alifundishwa shuleni kukitunza, na kwa hiyo amelitupa jalada, amekifunika kwa gazeti na gundi, na ameandika jina lake ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, pamoja na onyo kwa wezi. Sahihi ya mwandishi huongeza thamani ya kitabu. Sahihi ya msomaji mwangalifu huishusha kwa kiwango cha uangalifu wake.

Yote haya yanaonyesha kwamba mnada wa Ekerenyo haupimi thamani ya kitu bali ya mtu anayetazamwa akikinunua, na ndiyo sababu kigoda chenye shanga hakina haja ya kupelekwa huko, kwa kuwa hakuna ambaye angekiangalia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uwanja wa kanisa umeongeza kwamba kisicho kizuri wala kibaya kinaweza kuezeka jengo. Kikwazo kilichobaki ni kwamba wengi hutaja bei kwa ahadi, na ahadi ni deni ambalo M-Pesa huchelewa kulipokea, hivyo mabati huwa machache kidogo kuliko makofi. Mweka hazina, ambaye ndiye pekee anayeijua orodha yote, hudai kwamba sehemu inayovuja iko juu kabisa ya viti vya wale ambao hawajamaliza kumlipia kuku.