Ganuni Kapangishwa Chumba kwa Koto

Jamani, nipisheni kwenye benchi hilo niseme, maana tangu Jumamosi nimekereka. Nilikuwa harusini Magomeni. Kijana wetu mpiga kinanda alikesha siku tatu akipanga wimbo nyumbani: ganuni mbele, udi nyuma yake, fidla zinajaza. Siku yenyewe akabeba flashi tu, akaichomeka kwenye kinanda cha kukodi. Wimbo ukaanza. Mapigo yaleyale, noti zilezile. Ganuni? Imegeuka koto ya Kijapani. Udi umekuwa banjo! Mama wa bwana harusi, mtu aliyekulia kwenye taarabu, akageuza shingo polepole akamtazama yule mtoto. Roho iliniuma, kwa sababu hakukosea hata noti moja.

Watu wanadhani flashi ile ilibeba sauti. Wapi! Faili la midi ni maagizo matupu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, iachie, tumia sauti namba fulani. Sauti yenyewe kila kinanda kinatoa ya kwake. Ndiyo maana mwaka 1991 watengenezaji wa Marekani na Japani walikubaliana mpango mmoja, General MIDI: sauti 128, koo 16, kila ukoo wanane. Ni 128 kwa sababu namba ya sauti husafiri katika nafasi saba za sifuri au moja, na mbili ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara saba unafika hapo, huvuki. Piano zinaanzia 1, ogani 17, magitaa 25, besi 33. Kodiani, kipenzi cha taarabu, iko kwa ogani, namba 22. Ngoma zimetengewa chaneli 10, kila kibonyezo chombo chake.

Mpango una faida, sikatai. Mtu wa Mombasa akiandika 22, wa Kigali anapata kodiani.

Ila utazameni ukoo wa 14, namba 105 mpaka 112. Humo ndimo walimosongamanishwa wale waliokosa pa kuwekwa: sitar na shanai za India, shamisen na koto za Japani, banjo, kalimba, zumari la kiriba la Waskoti, na fidla ya ngoma za vijijini. Nane, mlango ukafungwa. Kisha nendeni ukoo wa mwisho: mlio wa simu, makofi, bunduki. Nasonya jamani, nasonya kwa uchungu! Helikopta imepewa namba yake, 126. Udi, chombo kinacholiliwa toka Muscat mpaka Unguja, hauna.

Mwaka 1994 Yamaha wakaleta mpango wao wa XG, wakaongeza benki. Ichukulie hivi: kila namba ikawa nyumba ya ghorofa. Chini anakaa mwenye nyumba, juu wapangaji wanaofanana naye. Udi ukapangishwa kwa banjo. Ganuni ikapangishwa kwa koto. Sasa wimbo ukifika kwenye kinanda kisicho na ghorofa hizo, kinampiga mwenye nyumba aliye chini. Walifikiri vizuri, afadhali nyuzi zozote kuliko kimya. Lakini aliyeamua nani mwenye nyumba na nani mpangaji hakuwa na sikio la Ng'ambo wala la Mji Mkongwe, na gharama yake kailipa kijana wetu mbele ya ukumbi mzima.

Kalimba, namba 109, ndiyo jamaa yetu wa karibu humo. Nimeibonyeza mara nyingi nikiitafuta ilimba ya Wagogo, ile aliyoipeleka duniani marehemu Hukwe Zawose. Siipati. Ilimba ina mvumo unaokereza chini ya kila noti, nao ndio utamu wenyewe. Hii ya kwenye kinanda ni matone makavu. Tena viko vinanda vinavyohesabu kuanzia sifuri. Kwenye hivyo ukiandika 109 unapata zumari la Waskoti, kwani kalimba iko 108. Angalieni sana hapo.

Jana kijana kapita hapa kichwa chini. Nikamwita, keti mwanangu. Nikamwambia atengeneze nakala mbili za kila wimbo. Moja ya kinanda chake, na benki zake zote. Ya pili ya vinanda vya kukodi, isiyotegemea ghorofa, na humo ganuni aihamishie namba 16, dulcimer. Chombo hicho hugongwa kwa vijiti, sawa, lakini nyuzi zake zimelala juu ya sanduku kama za ganuni, na ukipunguza nguvu ya kila noti mlio wake unakaribia. Udi auhamishie namba 25, gitaa la nyuzi za nailoni, acheze chini, asipande juu sana.

Akatoa simu, akaandika 16 na 25. Halafu akaniuliza kuhusu fidla. Nikamwambia hizo ziache palepale, 41, zina nyumba yao.